Otilia Anakwenda Semina

Otilia alikuwa amechoka. Nianze hapo, maana ukimwuliza mtu yeyote wa kijijini kwao, huko upande wa Mpui, atakwambia kwanza kwamba Otilia ni mwanamke mwenye bahati, kisha atakuhesabia miji aliyoifika. Mbeya amefika. Iringa amefika. Morogoro amelala kwenye kitanda chenye neti nyeupe na kula nyama mchana na jioni. Ana fulana za makongamano za kutosha kuvalisha kwaya. Yote hayo ni kweli, wala sina ugomvi nayo. Ila hakuna aliyewahi kumwuliza habari za mgongo wake, wala habari za basi la Tunduma wakati wa masika, ambalo abiria hulipanda kidogo na kulisukuma sana.

Mambo yalianza pale ruzuku ya mbolea ilipoondolewa. Zamani zile za ushirika, Ufipa nzima ililima mahindi kwa mbolea ya mifuko, na lori likaja kuyachukua. Halafu likaja soko huria. Bei ya mbolea ikapanda hadi watu wakawa wanausalimia tu mfuko dukani kule Mazwi, wanapita zao. Wanunuzi wa mahindi nao wakawa wanakuja wanapojisikia. Basi watu wakarudi kwenye ntumba za bibi zao. Nyasi mbichi hukatwa pamoja na udongo wake, zikageuzwa kichwa chini na kulundikwa kuwa kilima kidogo, zikaachwa zioze humo ndani; msimu unaofuata kilima kinasambazwa na ulezi unapandwa. Ni kazi ya kuvunja kiuno, lakini haina duka.

Ndipo likaja shirika moja na mafunzo ya kilimo hai. Lilitaka kila kijiji kitoe mtu mmoja wa kwenda kusoma: awe mwanamke, ajue kuandika, asiwe na mtoto mgongoni. Otilia alikuwa mjane, na mwanawe Shedrack alikwishahamia Kirando ziwani kuvua dagaa. Mkutano ukamtazama yeye. Aliyenyoosha mkono wa kwanza kumchagua alikuwa Josefina.

"Nenda, mwenzangu," Josefina alimwambia jioni ile. "Ntumba zako nitazipiga mimi. Mwaka mmoja tu, kitu gani?"

Hawa wawili waliolewa kijijini hapo mwaka mmoja, na mashamba yao yanapakana. Tangu ubibi harusi wao walilima pamoja, leo kwako, kesho kwangu. Kwenye ntumba moja huyu alikata nyasi upande huu na yule upande ule, wakivuta udongo kuelekea katikati hadi vichwa vinakaribia kugongana. Hapo ndipo walipozungumza habari za waume, za mimba, na za wakwe wasioshiba heshima. Mume wa Otilia alipofariki, matangani Otilia alikaa kimya kama jiwe. Kilio chake alikitoa wiki kadhaa baadaye, shambani, jembe mkononi, na Josefina aliendelea kukata nyasi taratibu upande wa pili mpaka mwenzake alipomaliza.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Ntumba hazingoji mtu. Zinapigwa Februari na Machi, nyasi zikiwa mbichi na udongo umelowa. Nyasi zikishakauka, hata ukizifukia haziozi. Na semina za shirika ziliangukia Februari na Machi. Sijui nani hupanga tarehe hizi. Ninachojua ni kwamba hana jembe. Kila mwaka, nyasi za Otilia zilipokuwa zinamwita, Otilia alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mahali fulani mbali, akinakili namna ya kutengeneza mboji, akisimamishwa kila baada ya chakula kucheza michezo ya kufukuza usingizi na watu wazima wenzake.

Mwaka wa kwanza Josefina alipiga ntumba za mashamba yote mawili, akapata homa. Mwaka wa pili alimaliza za kwake na kipande tu cha Otilia. Mwaka wa tatu alipiga za kwake, basi. Otilia alirudi na sabuni ya kuogea na kitenge, na Josefina akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Zamani angekikunjua kitenge hapo hapo na kukicheka rangi.

Otilia hakuwa mjinga. Aliliona shamba lake limevaa magugu, na akaliona jambo lingine kwa Josefina ambalo halikuhitaji kuonyeshwa kwa kidole. Alimwendea mwenyekiti wa kijiji, mzee Zenon, akamwomba wachague mtu mwingine.

"Mwingine yupi, mama?" Zenon alisema. "Wewe umeshaelimishwa. Tukianza na mwingine tunaanza alifu. Na ukikaa nyumbani, nafasi inakwenda kwa wenzetu wa Laela. Halafu ghala tutajengewa na nani?"

Ghala la nafaka ndilo kijiji kizima kilichokuwa kikilingoja. Shirika lilikuwa limeahidi kulijenga mahali ambapo mafunzo yamezaa matunda. Kwa hiyo kadiri Otilia alivyokwenda, ndivyo alivyozidi kuwa yeye wa kwenda. Alitamani kukataa, lakini kuna watu ambao Mungu aliwaumba bila neno hilo, na yeye ni mmojawapo. Akafunga mkoba, akapanda basi.

Mwaka wa nne alirudi kutoka Mbeya katikati ya Machi, miguu imevimba, akamkuta Zenon anamsubiri mlangoni. Wageni wa shirika walikuwa wanakuja keshokutwa kuona shamba la mkulima wao.

"Shamba gani, mzee?" Otilia aliuliza. "Si umeliona lilivyo?"

"La Josefina liko ubavuni mwa lako, na ntumba zake zimejaa karibu shamba lote. Mpaka wenyewe ni mstari wa majani. Nani atajua?" Zenon alikohoa kidogo. "Josefina tumeshaongea naye mbele ya wazee. Amekubali."

Otilia alitaka kuuliza amekubali kwa uso gani, akaogopa jibu.

Siku ilipofika, alisimamishwa katikati ya ntumba ambazo hakuzigusa. Kiongozi wa wageni alikuwa Bi Redempta, mama mchangamfu, mwenye viatu vilivyokwisha kushiba matope na wala hakujali. Alizipapasa ntumba, akachimba mojawapo kwa vidole na kunusa udongo, akafurahi kwa moyo wake wote. Si mtu mbaya, Bi Redempta, sitaki umchukie. Otilia alieleza kila hatua kwa sauti ile ya semina, na kila neno lilikuwa sahihi.

Kisha Bi Redempta akamwona Josefina amesimama pembeni na wanawake wengine, kucha zake zina udongo mweusi.

"Na wewe, mama? Umejifunza nini kwa Mama Otilia?"

Otilia aliinamisha kichwa. Moyoni aliomba Josefina aseme kweli. Amtukane. Amwambie yule mama kwamba shamba ni lake na kiuno kilichovunjika ni chake, ghala na lipotelee mbali. Baada ya matusi huwa kuna kununa, na baada ya kununa watu hupatana. Hiyo ndiyo njia, na Otilia alikuwa tayari kuitembea yote.

"Mengi, mama," Josefina akajibu kwa heshima. "Anatufundisha vizuri sana."

Wageni wakapiga makofi. Zenon akapiga kuliko wote. Otilia aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, na aliivaa mpaka gari lilipoondoka.

Asubuhi ya pili aliamka kabla ya majogoo kunyamaza, akachukua jembe na kuteremka shambani kwa Josefina. Umande ulikuwa mzito. Kiuno kiliuma, vidole vya miguu vilikuwa bado havijaingia vizuri kwenye kandambili, lakini alitembea haraka kama mtu anayewahi basi. Kilikuwa kimebaki kipande cha chini, karibu na kijito, nyasi bado mbichi. Alikuwa amepanga maneno yote ya kusema. Ya kwanza yalikuwa ya kuomba msamaha, na mengine yalikuwa ya kuchekesha.

Josefina alimwona, akaliweka jembe lake chini, akaja kumlaki.

"Umeamkaje, mwenzangu?"

"Nimeamka salama. Nimekuja kulima."

"Karibu sana. Pole na safari."

Akalipokea lile jembe la Otilia kama mtu anavyompokea mgeni mzigo, kwa mikono miwili, akaliegemeza kwenye kichaka. Kisha akaenda kwenye kibanda cha kulindia ndege, akatoka na kigoda, akakifuta kwa upindo wa khanga na kukiweka kivulini. Akarudi tena na kibuyu cha togwa.

"Kaa kwanza upumzike," alisema. "Safari ya Mbeya si mchezo."

Hapakuwa na kijembe ndani yake, na hilo ndilo lililomwumiza Otilia. Alimtafuta mwenzake machoni apate japo hasira ya kushika, hakuiona. Aliona ukarimu, ule unaowekewa watu wa mbali. Akakaa kwenye kigoda. Magoti yalishukuru, na aliyachukia kwa kushukuru. Akanywa togwa, maana kiu alikuwa nayo kweli.

Josefina alirudi kwenye ntumba yake. Alivuta udongo upande huu, akazunguka, akavuta upande ule, akazunguka tena. Alikuwa amezoea. Hakusitasita mahali popote.

Otilia alijaribu utani, maana utani ndio uliowalea.

"Mwenzangu, hata mgeni siku ya tatu hupewa jembe."

Josefina akanyoosha mgongo, akamtazama, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kweli, lenye huruma hata.

"Siku ya tatu hutakuwepo," alisema.

Jana yake, wageni walipokuwa wanapanda gari, Zenon alikuwa ameshamwambia mbele za watu wote kwamba kuna kongamano la Dodoma na gari litampitia keshokutwa. Na yeye alikuwa ameshaitikia.