Piriti Iliyompita Yaya

Siku niliyokwenda kujitambulisha kwa baba wa mpenzi wangu, mvuvi wa kwenye maporomoko ya mto, hakuniuliza habari za ukoo. Alishusha jiwe lililokaa juu ya televisheni, zawadi ya shemeji yake anayechimba dhahabu kule Bafwasende, akaliweka mezani kati ya samaki na kwanga ya muhogo.

"Weye mutoto ya iniversite, unaulizaka kila kitu. Bon, leo miye nauliza. Hii dhahabu iliingia ndani namna gani?"

Lilikuwa kwatzi, angavu kama kioo kinene, na ndani yake vipunje vya manjano viling'aa. Mpenzi wangu alinikanyaga mguu: usibishe. Nikabisha.

"Papa, haiko dhahabu. Iko piriti, madini ya kung'aa tu kama dhahabu."

"Ah! Dhahabu yangu anaikataa, binti yangu anamutaka!"

Nikaeleza, kama tunavyofundishwa kwenye jiolojia, kwamba madini hufuatana: kilichofunikwa kilitangulia, kilichofunika kikafuata. Mawe hayarukiani zamu.

Mzee akapiga makofi. "Umesema mwenyewe, zamu! Na yaya yake bado iko hapa nyumbani."

Kwao mdogo haolewi kabla ya yaya, dada yake mkubwa. Nilikuwa nimekuja na hoja tele za kuipinga desturi hiyo, na sasa nilikuwa nimeipa ushahidi wa maabara.

Yaya mwenyewe, fundi cherehani anayewashonea wenzake magauni ya harusi na kuwafukuza wachumba wake, alilichukua jiwe akaligeuza dirishani.

"Profesa, na hiki kivuli? Kama jiwe dogo ndani ya kubwa. Vipunje vyote vimekaa kwenye mabega yake."

Nikatazama. "Ni kwatzi ileile, yaya. Ilikua, ikasimama. Piriti ikaja, ikakaa juu yake. Halafu kwatzi ikaendelea kukua, ikaifunika."

"Donc, basi, ilisimama tu. Haikufa?"

"Haikufa."

Akalirudisha mbele ya baba yake. "Papa, umesikia. Miye nimesimama kwanza. Acha mudogo apite. Siku nikitaka kuendelea, nitaendelea."

Mzee alilikwaruza jiwe kwa kucha.

"Una hakika haiko dhahabu?"

Mguu wangu ukakanyagwa tena.

"Iko piriti, papa."

"Mubishi huyu," akamwambia binti yake mdogo. "Utachoka naye weye mwenyewe."

Kisha akanisogezea kichwa cha samaki, ambacho nyumbani mwao mgeni hapewi.