Nyoka wa Marehemu

Juzi nilikwenda Tunguu kumtazama mjane mmoja aliyekaa eda. Tulikuwa chumbani, na nje wanaume wa mtaa walikuwa wakimfyekea bustani, wanatafuta thawabu zao. Mara tukasikia ukelele: "Swila! Lete jembe!"

Bibi alikimbilia dirishani, akashika nondo za dirisha. Pazia hakulifungua, kwani mwenye eda haonekani na wanaume wa nje.

"Jamani, mtazameni kichwa kwanza! Kama ana mstari mweupe jichoni, hana sumu huyo. Ndiye anayetumalizia panya. Marehemu mume wangu alikuwa akimpisha njia."

"Mstari jichoni? Kwani kapaka wanja, Bi mkubwa?"

Wakacheka, kisha jembe likashuka.

"Tushamaliza! Sasa utalala raha."

"Ahsanteni, wanangu. Mungu akulipeni," aliwajibu kwa adabu zake zote, lakini mkono haukutoka kwenye nondo.

Tuna bidii ya ajabu ya kumsaidia mfiwa, ilimradi asitwambie anachotaka.

Akaniomba nikamtazamie. Nikatoka. Mstari ulikuwapo, mweupe, kila jicho na wake. Niliporudi alinisoma usoni.

"Marehemu kila akimwona alikuwa akinita, 'Njoo, yupo chini ya mkomamanga.' Sikwenda hata siku moja, nkiogopa." Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. "Nlikuwa nshaazimia, nikitoka eda tu, nikamtazame."