Kanda Iliyochelewa Kufika Garsen

Migomba kumi na saba ilianguka katika shamba la Komora, pale Idsowe, kabla mkewe hajamuuliza. Hakuikata kwa panga. Aliipiga kwa fimbo, mmoja baada ya mwingine, kwenye kimo cha uso wa mtu, mpaka shina likapasuka na utomvu ukamrukia kifuani. Kisha alirudi nyuma hatua tatu, akatazama jeraha aliloliacha, akahamia mwingine.

"Baba Rayyan," Swaleha alisema, kapu la mboga kichwani, "hii migomba imekukosea nini?"

"Najaribu mkono."

"Si ujaribu kwenye magugu?"

Hakuweza kumweleza. Alitaka kujua jambo moja tu: pigo la makusudi na pigo la fimbo iliyoteleza, mtu akiyatazama kwa mbali, yanafanana?

Yalianza Agosti 1997, kampuni moja ya filamu kutoka Nairobi ilipopiga kambi karibu na Garsen. Filamu yenyewe ilihusu ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya malka, njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Wapokomo, wakulima, na Waorma, wafugaji, waliajiriwa kuigiza. Susan, dada aliyewasimamia waigizaji, aliamua kuwabadilisha. Wapokomo walivishwa shuka za wafugaji wakapewa fimbo. Waorma wakapewa majembe. "Hivi hakuna atakayepigana vita vyake mwenyewe," alisema. Watu walicheka hadi machozi walipomwona Jatani, mfugaji aliyezeekea nyuma ya ng'ombe, ameshika jembe kama mkuki.

Kufikia siku ya pili fimbo bandia zilikuwa zimevunjika zote. Susan akaazima za kweli kutoka kwa wafugaji. Maagizo yalikuwa mepesi: inua, shusha, simamisha shubiri moja kabla ya uso.

Komora aliinua. Mbele yake alisimama Jatani. Mwezi wa Aprili ng'ombe wa Jatani walikuwa wamelala katika mahindi ya Komora, mahindi yakiwa ndio kwanza yanatoa mbelewele. Asubuhi yake Jatani alikuja, akasema pole, akaongeza kwamba ng'ombe hajui mpaka. Komora aliipokea ile pole. Lakini fimbo ilipokuwa juu alimwona Jatani anacheka. Alikuwa akilicheka jembe lake, si mtu. Komora hakusimamisha.

Jicho la kushoto la Jatani lilipasuka. Damu ilichuruzika mpaka kwenye mpini. Kamera iliendelea kupiga, kwa kuwa aliyeishika alidhani ni uigizaji mzuri, na mtu mmoja akapiga makofi. Kisha vijana wa pande zote mbili wakapigana kweli, kwa robo saa. Mikono mitatu ilivunjika. Paja moja lilitobolewa na mkuki.

Wazee walikaa siku ya tatu. Aliyemwokoa Komora ni mzee wa Kiorma. Fimbo za wafugaji, alieleza, hupakwa samli zisikauke. Mwenye kuzijua hufuta kiganja kwa vumbi kabla ya kupiga. Mkulima angejuaje? Komora alishika Msahafu akaapa kwamba fimbo iliteleza. Jatani, kichwa kimezungushwa kitambaa, akasema amesamehe. Malka ikabaki wazi, na vijana wakarudi makwao.

Ndipo Susan alipowaaga kwa bashasha: "Filamu ikiwa tayari, nyinyi ndio mtakaoiona kwanza. Kila kitu kimo, hata lile pigo."

Komora alianza kungoja siku hiyohiyo. Kama kanda ingeonyesha alichofanya, basi angekuwa ameapa uongo mbele ya wazee wa pande mbili, na msamaha uliosimama juu ya kiapo hicho ungeanguka nacho. Aliwajua vijana ambao wangeuangusha kwa mikuki.

Waliahidiwa Desemba. Badala yake ikaja mvua ya El Nino. Mto ulitoka kingo zake ukachukua shamba la chini, nyumba za majirani wawili na barabara ya Malindi. Watu walilia. Komora, amekaa juu ya paa na bintiye Rayyan na kuku sita, alimshukuru Mungu kwamba kanda haiogelei.

Wakaambiwa Machi. Barabara ilikuwa bado tope. Wakaambiwa Juni, na mwezi huo basi la Malindi likamiminiwa risasi na majambazi. Kila ahadi ilipovunjika alipata usingizi wa wiki mbili, kisha alianza kuhesabu siku upya. Akawa haachi kwenda stendi ya Garsen kutazama mizigo ikishushwa. Alimzaba makanga wa basi kofi kwa kuchelewa kumjibu. Alimng'oa binamu yake jino kwa kumwita "mwigizaji". Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kabla ya filamu ile hakuwahi kumpiga mtu mzima.

Oktoba 1998 kanda ilifika kwa Dado, mwenye ukumbi wa video. Komora alimfuata.

"Dado ndugu yangu, ile mashine yako siku hizi haili kanda?"

"Inakula zile za kukodi. Hii yenu nimeisafishia kichwa cha mashine kwa spiriti. Nyota kama wewe nikuharibie picha?"

Ilionyeshwa Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri. Ukumbi ulikuwa wa bati, magunia madirishani, joto la kuchemsha chai. Chifu aliamuru fimbo zote zibaki mlangoni. Wapokomo walikaa kulia, Waorma kushoto. Jatani alikaa mbele kabisa, shingo ameipinda ili jicho la kulia lielekee televisheni.

Kila pigo lilipokewa kwa kelele.

"Mkanyage huyo!"

"Wee, huyo si shemeji yako?"

"Tazama Jatani analima! Leo ng'ombe watamkana!"

Kwenye kioo Jatani alicheka, jembe mkononi. Komora aliuona mgongo wake mwenyewe, shuka, mkono ukipanda, fimbo ikisimama juu ya vichwa vya watu. Halafu picha ikaruka. Ng'ombe wakanywa maji yaliyotiwa wekundu. Pigo lilikuwa limekatwa.

Pumzi ya miezi kumi na minne ikamtoka.

"Dado," Jatani akaita, "rudisha nyuma."

Dado akarudisha. Jembe, kicheko, fimbo, ng'ombe.

"Tena."

Dado akarudisha mara ya tatu, na ya nne. Jatani aligeuza kichwa chote, akamtafuta kwa lile jicho moja.

"Komora, kuja hapa. Wewe tazama na mimi."

Komora alisimama. "Haikuteleza," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Jatani, fimbo haikuteleza. Nilikupiga."

Jatani alionyesha televisheni kwa kidole.

"Mimi nilikuwa natafuta uso yangu," alisema. "Hapo nacheka. Macho mbili. Mimi hapana picha ingine."

Akaenda mlangoni akachukua fimbo yake. Aliporudi aliinama, akafuta kiganja kwa vumbi la sakafuni, taratibu, kila mtu akimwona. Hakuna aliyemshika. Pigo la kwanza lilivunja mkono ambao Komora aliuinua kujikinga. La pili lilivunja mfupa wa mtulinga. La tatu lilishuka moja kwa moja kuelekea jicho la kushoto, likasimama shubiri moja kabla ya uso.

Nje, vijana wa Kipokomo walikuwa wameshaokota fimbo zao, na wa Kiorma zao. Jatani alimwinua Komora, akaupitisha mkono wa Komora usiovunjika begani kwake mwenyewe, akatoka naye hivyo. Kumpiga mmoja ilikuwa lazima umpige na wa pili. Njia ikafunguka hadi zahanati.

"Hii ni kesi ya polisi," daktari alisema, kalamu mkononi. "Imekuwaje?"

Komora alifungua mdomo, lakini Jatani alimtangulia.

"Fimbo iliteleza."

Daktari akamtazama mgonjwa.

"Andika hivyo," Komora akasema.

Jatani alikaa kwenye benchi la nje mpaka plasta ikakauka. Kisha akarudi kwa Dado kutazama tena pale anapocheka.