Mbwa wa Kitabuni na Mkeka wa Mama

Juzi kwenye soko la mitumba la Bredäng, huku Uswidi, nilinusa gundi ya vitabu vya zamani, na papo hapo nikajiona mtoto tena kwenye ngazi za jengo letu, nimesimama nyuma ya mama aliyebeba mkeka na chupa ya chai.

Jirani yetu, bibi wa Kiswidi, alikuwa amefiwa na mumewe, na hakuna aliyekwenda kukaa naye.

"Msiba gani huu, hata mkeka haujatandikwa?" mama alisema, akagonga.

Bibi alifungua mlango kidogo tu, akatutazama kama watu waliokosea nyumba. Mama hakujua Kiswidi, na mimi nilikuwa na maneno machache. Lakini kwapani nilikuwa na kitabu cha picha cha shuleni, cha mbwa anayewaendea watu asiowajua wakiwa na huzuni, akawalalia miguuni mpaka watulie. Nikamwonyesha bibi yule mbwa, kisha nikamwonyesha mama.

Mlango ukafunguka wote. Shule sikufika nayo mbali, lakini mkalimani gani angesema vizuri kuliko hivyo?

Mama alitandika mkeka sebuleni. Bibi akaviacha viti vyake, akaja kukaa chini nasi, akalia kwa sauti.

"Umemwambia nini?" mama akaninong'oneza.

"Kwamba wewe ni kama huyu mbwa."

"Mbwa? Mimi, mamako?"

Akanifinya paja kwelikweli, huku mkono wake mwingine ukiendelea kumpapasa bibi mgongoni.