Mzee wa Safu ya Juu

Yule mzee mwenye kofia ya bluu iliyochujuka, kila kiangazi Denise humkuta palepale uwanjani, safu ya juu, katikati kabisa, amekalia mto wake kama sultani. Vikundi vya ngoma na tarumbeta vikiingia kushindana, vidole vyake viwili huanza kugonga goti, na mdomo wake hauna likizo. "Zamani walitembea kwa mistari, mama. Hawa wanakimbizana kama kuku!" Kinanda cha umeme kikilia, huziba masikio. Kipaza sauti kikiwekwa mbele ya mpigaji, hukunja mikono, na hata uwanja mzima uinuke kushangilia, yeye hainuki ng'o. "Mapafu kapewa ya nini?" huuliza.

Leo Denise amekaa kando yake. Hajamwambia kwamba atakayepiga tarumbeta peke yake, tena mbele ya kipaza sauti, ni Paige, binti aliyemzaa yeye Denise. Msichana akasogea, akapiga polepole, na sauti nyembamba ikapanda hadi kwao. Vidole gotini vikatulia. Wimbo haujaisha, mzee yuko wima, kofia kifuani.

"Mzee, umesimama!" Denise akamnong'oneza. "Na kile kipaza sauti je?"

"Kipaza sauti gani? Hebu nyamaza, mama, mtoto wa watu anapiga!"

Machozi yakamtiririka Denise, wala hakumwambia ni mtoto wa nani.