Ziada na Programu ya Pweza

Hamtaniamini, na siwalaumu. Ningekuwa sikuwepo, hata mimi Alfani ningesema nimeanza uongo wangu. Lakini nilikuwepo. Tena bila mimi habari yenyewe isingekuwepo.

Mpwa wangu Ziada, binti wa dada yangu Amina, anatengeneza programu za simu hapa Kilwa Masoko. Msiniulize zinatengenezwaje. Mimi niliishia darasa la tano, na hilo la tano nilikaa karibu na dirisha. Ninachojua ni kwamba mwaka jana, siku ya kufungua mwamba wa pweza baada ya miezi mitatu ya kuupumzisha pasipo mtu kuvua, daftari la mizani lililowa maji ya chumvi, wino ukatambaa, na pweza wote wa dada yangu wakasomeka kwa jina la jirani. Dada alinyamaza siku mbili. Kwa wanaomjua Amina, hiyo ni kama miaka miwili.

Ndipo Ziada akaiahidi kamati ya mwamba: safari hii mtu akipima, jina na uzito vinaingia kwenye simu, na ujumbe anaupata papo hapo. Kamati ikakubali kwa sharti moja. Programu isipokuwa tayari siku ya kufungua, wanarudi kwenye daftari, na habari za simu wasizisikie tena.

Alikuwa na wenzake wawili. Leonadi yuko Kitomanga, mpole, anaomba radhi hata akikanyagwa yeye. Restuta yuko Lindi mjini, anaongea kama anafukuzwa. Kila Jumatatu wanapigiana simu.

"Kazi vipi, Leonadi?"

"Nzuri tu, dada."

"Restuta?"

"Salama kabisa!"

Sasa wewe uliyelelewa pwani hii unajua. Hapa hata mwenye nyumba inayoungua, ukimuuliza habari, kwanza anajibu nzuri. Moto anakuja kuutaja baadaye. Wale watoto walijibizana hivyo wiki kumi. Zilipobaki tatu, Ziada akaomba aione programu yenyewe. Hakuna programu.

Akawaita wote Masoko. Wakafikia kwangu, maana nyumba yangu ndiyo kubwa kuliko zote mtaani, ukiondoa tatu au nne.

"Leo habari nzuri sizitaki," Ziada akasema. "Kila mtu anionyeshe kinachofanya kazi."

Leonadi akaonyesha orodha ya majina ya wavuvi. Safi kabisa. Restuta naye akaonyesha: orodha ya majina ya wavuvi.

"Na sehemu ya kupimia, nani kaiandika?"

Leonadi akamgeukia Restuta.

"Nilidhani yeye," akasema Leonadi. "Samahani."

"Mimi nilikuwa kwenye nyakati za swala!" Restuta akaruka, akamkabili Ziada. "Na hali ya hewa, na mahali pa picha. Si wewe mwenyewe uliyeniletea?"

Ziada akainamisha kichwa. Kweli alileta. Kila mzee wa kamati aliyemwamkia, akishaitikia marahaba anatundika na ombi: weka hiki, weka kile. Binti aliyelelewa vizuri atamkatalia vipi mzee? Akazihesabu nyongeza: kumi na tisa. Saba zilikuwa zangu. Picha yangu pale programu inapofungukia si nyongeza, ni pambo, lakini sikusikilizwa.

Kesho yake akaenda kwenye kamati, akawaamkia mmoja mmoja.

"Wazee wangu, mwamba ukiwa umefungwa, mtu akiingia kuvua mnamfanyaje?"

"Faini," akasema mwenyekiti, Mzee Bashiru.

"Hata awe mzee?"

"Hata niwe mimi."

"Basi na mimi nimefunga. Kuanzia leo mpaka mwamba ufunguliwe, hakuna kuongeza kitu kwenye programu. Atakayeomba, faini yake ni kuwapikia wenzangu chakula cha mchana."

Mzee Bashiru alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Sheria ni yao wenyewe, wangeipingaje?

Wa kwanza kupigwa faini simtaji. Niseme tu kwamba ule wali uliungua upande mmoja, na Leonadi aliniomba radhi huku anautafuna.

Orodha ya Leonadi ikabaki, ya Restuta ikafutwa, mwenyewe akahamia kwenye mizani huku ananung'unika. Kila alasiri wanaonyeshana walichokifanya. Siku moja nikamsikia Restuta: "Mbaya. Uzito unasoma sifuri." Ziada akafurahi kama kaletewa posa, na kabla ya magharibi sifuri ile ilikuwa imeondoka. Wakapima nazi zangu, wakapima jiwe, wakapima kiatu cha Leonadi. Vyote vikasoma.

Bamvua likafika, maji yakapwa kabisa, mwamba ukafunguliwa. Dada Amina akawa wa kwanza mizanini, maji yanamchuruzika. Simu yake, iliyofungwa nailoni, ikalia. Akampa Ziada amsomee.

"Amina Yunusu, pweza watatu, kilo tano na robo."

"Rudia jina."

"Amina Yunusu."

"Rudia tena, wasikie na wale kule."

Mzee Bashiru akalifunga daftari lake, akalikalia.

Na mimi sikukaa bure, jamani. Niliingia majini nikatoka na pweza ambaye tangu Kilwa iwe Kilwa hajaonekana, kilo kumi na nane, mizani ikalalamika, wanaume wanne wakanisaidia kumbeba, na mikono yake ilikuwa bado inaburuta huko nyu—

"Mjomba Alfani," anasema Ziada, amesimama nyuma yangu anasoma kwenye simu yake. "Hapa umeandikwa kilo moja kasoro robo."