Mkono wa Kulia Ulikuwa wa Moto

Mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyanya wa sokoni Lemara akiniongezea mbili bila kuombwa, nitazigeuza zote niangalie upande wa chini. Mume wangu akirudi mapema namuuliza kulikoni kabla hajavua viatu. Anasema ni kero kuishi na mimi. Lakini kwenye chumba cha dharura, ninakofanya kazi ya udaktari, tabia hiyo imenisaidia.

Mchana mmoja wa Julai, baridi ya mlimani ikiwa imeshuka mjini na jua halionekani, tuliletewa mama kutoka kijiji cha Akheri. Maambukizi ya figo yalikuwa yameingia kwenye damu. Presha ilikuwa chini, mapigo ya moyo yanakimbia, na maneno yake hayaeleweki. Tulimpa dawa ya kuua vijidudu na dripu mkono wa kushoto. Kazi ikabaki kujua maji ya dripu yatatosha wakati gani: yakipungua figo zinakufa, yakizidi mapafu yanajaa.

Njia yetu haina makuu. Unabonyeza ncha ya kidole mpaka iwe nyeupe, unaachia, unaangalia rangi inarudi upesi kiasi gani. Mara ya kwanza nilisubiri rangi irudi mpaka nikaingiwa na hofu. Pembeni alikaa dada yake mkubwa, amejitanda kitenge, ananitazama mimi zaidi kuliko alivyomtazama mgonjwa. Nikamshuku papo hapo. Nilidhani amemnywesha dawa ya mizizi na anaogopa kusema. Nilipomuuliza alikana kwa heshima, akaangalia sakafu.

Niliporudi kubonyeza, rangi ilirudi haraka. Mwenzangu wa zamu akafurahi, akasema tupunguze maji na mgonjwa apelekwe wodini, maana wengine wanasubiri kitanda. Nilitaka kukubali. Lakini mfuko wa mkojo ulikuwa mtupu, na yule mama bado alikuwa anaongea na mtu ambaye hayupo. Kidole kizuri namna ile kwa mgonjwa mahututi namna ile sikukipenda hata kidogo.

Nikafunua blanketi. Magoti yalikuwa ya baridi, ngozi ina mabaka ya zambarau. Nikabonyeza kidole cha mkono wa dripu; kikawa cheupe na kikabaki cheupe. Mkono wa kulia ulikuwa wa moto, unanukia mafuta ya kondoo, na kando yake ilifichwa chupa ya maji ya moto iliyovalishwa soksi.

Nilikasirika. Nilimuuliza dada alikuwa anafanya nini, kwa sauti ambayo mtu wa umri wake hastahili kusikia kutoka kwangu. Akanionyesha kwa kidevu kitanda cha jirani, ambacho kilikuwa kimeshatandikwa upya.

"Yule mzee mlimbonyeza kidole," alisema. "Mkaangaliana. Baadaye mkamtoa dripu, mkamfunika. Nikasema huyu wangu akirudisha rangi, hamtamtoa dripu."

Kumbe naye alikuwa ananishuku tangu alipoingia. Kila nilipogeuka alikuwa anausugua ule mkono na kuupasha joto kifuani kwake. Nilimweleza kwamba mzee alifikishwa kwetu akiwa amechelewa sana, na kwamba kidole kibaya ndicho kinachotufanya tuongeze dawa. Sijui kama aliamini. Mimi nisingeamini.

"Mama, naomba uuachie mkono wake," nikamwambia. "Uache upoe, nijue ukweli."

Sijawahi kumwomba ndugu wa mgonjwa jambo gumu kama hilo. Aliulaza mkono juu ya blanketi, akashika vyuma vya kiti chake kwa mikono yote miwili. Tukaongeza maji kidogo kidogo huku nikisikiliza mapafu, halafu tukaanza dawa ya kukaza mishipa ili presha ipande. Mkono ukapoa mbele ya macho yake. Alisali kwa Kimeru, midomo tu ikicheza, na mimi niliogopa kuliko nilivyoonyesha.

Jioni mkojo ulianza kushuka kwenye mfuko. Nikabonyeza kidole. Rangi ikarudi. Nikageuka kumtazama dada, maana ndivyo nilivyo.

Aliachia vyuma vya kiti, akaninyooshea mikono yote miwili niishike. Ilikuwa baridi.

"Sijamgusa, daktari," alisema, machozi yakimtoka. "Sijamgusa kabisa."